GT-R R35 tano mezani: Hot Wheels, Tomica, Majorette, Maisto na Bburago

Jabali_Kirumba
Habari za Jumapili wakuu. Mvua imenifungia ndani tangu alfajiri, upande wa ziwani ni ukungu mtupu, basi nimefanya kazi niliyokuwa naiahirisha tangu mwaka jana. Nimezitoa GT-R zangu zote kabatini, vigari vya chuma vya kukusanya, nikazipanga mezani karibu na dirisha, nikashika rula na tochi ya simu. Ziko tano. Gari ni lile lile, Nissan GT-R R35, ila kila moja ina mtengenezaji wake.

Kwanza saizi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Gari halisi lina urefu wa mita 4.7 hivi. Kwenye skeli ya 1:64, yaani kigari ni sehemu moja ya 64 ya gari halisi, linatoka sentimita 7 na ushee, 1:24 linakaribia 20, na 1:18 linafika 26. Hot Wheels, Tomica na Majorette zangu zote ni za kukaa kiganjani, lakini msizihesabu kuwa ni 1:64 kamili. Vigari hivi hupimwa viingie kwenye pakiti la ukubwa mmoja, ndiyo maana lori na Ferrari vinaweza kutoka na urefu unaokaribiana. Tomica wanaandika skeli tumboni mwa gari, ligeuze usome. Ukipanga magari mchanganyiko kwenye rafu moja jambo hilo linaonekana wazi. Ukipanga R35 tupu kama mimi, halikusumbui.

Sasa mwonekano. Mimi R35 naipima kwa nyuma, kwenye zile taa nne za duara. Ukizikosea hizo umekosea gari zima. Hot Wheels yangu ni ya toleo la kawaida: duara zote nne zimechongwa vizuri kwenye bodi lakini hazikupakwa rangi, rangi yote imewekwa ubavuni. Tomica amezipaka nyekundu, na duara ni duara kweli, hata nikimulika na tochi siioni sehemu iliyovuka mstari. Majorette anamkaribia sana, na amevutia zaidi kwenye rimu. Halafu hizi mbili za 1:24, Maisto na Bburago, taa ni vipande vya plastiki nyekundu vilivyopachikwa, kwa hiyo mwanga wa dirishani unaingia ndani yake na taa inaonekana ina kina. Nimekaa nazo hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Watu wanapenda kushindanisha Maisto na Bburago, lakini siku hizi mwenye nyumba ni mmoja. Bburago ilianzia Italia miaka ya 1970, ikafilisika mwaka 2005, ikanunuliwa na May Cheong ya Hong Kong ambao ndio wenye Maisto. Mimi nimeona Bburago amemzidi mwenzake kwenye dashibodi, Maisto amezidi kwenye mkao wa tairi ndani ya matao. Tofauti ni ndogo. Chukua ile yenye rangi unayoipenda.

Kwa hela, kwangu Tomica ndiye anayenipa kingi zaidi kwa sentimita 7. Ukimbonyeza kwa kidole anashuka na kuinuka kama gari lenye springi. Swali langu kwenu: kwenye kibubu nina akiba ya kununua moja kubwa ya 1:18. Ninunue hiyo, au niendelee kuongeza ndogo?

MamaWawili_Nyegezi
Kaka Jabali, umepima kwa macho tu. Kwangu hivi vigari vinafanya kazi. Nina vijana wawili, wa miaka 5 na 8, na baraza letu lina vigae mwanzo hadi mwisho. Tukisukuma kutoka mlangoni, Hot Wheels inafika kwenye ngazi kila mara, nyingine zinaishia njiani. Nilimuuliza mume wangu sababu, akanigeuzia gari: ekseli ni nyembamba kama sindano na tairi ni plastiki ngumu, hakuna cha kuishika. Mattel, kampuni yenye Hot Wheels, walipozianzisha mwaka 1968 ndivyo walivyotaka, zikimbie kwenye reli zao za plastiki kupita gari lolote dogo la wakati ule. Kwa hiyo hizo taa zisizopakwa rangi mimi naona wamelipia mwendo. Ukitaka zote mbili, kuna matoleo yao ya bei ya juu yenye tairi za mpira na chasi ya chuma, lakini hayo siwapi watoto.

Na kwa wazazi wengine: hizi za 1:24 zina vioo vya pembeni vilivyobandikwa, na hivyo ndivyo vinavyoanza kung'oka. Mtoto chini ya miaka 3 usimpe kabisa, atakimeza kioo.

FundiRangi_Mabatini
Mimi napiga rangi magari ya kweli, niseme hapo kwenye rangi. Gari lililotoka kiwandani, tabaka zote za rangi zikijumlishwa, lina unene kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Igawe hiyo kwa 64. Hakuna mtu anayeweza kupiga rangi nyembamba hivyo. Kwa hiyo rangi ya kigari daima ni nene kuliko inavyostahili, na inaingia kwenye mistari ya milango na boneti na kuijaza. Chukua tochi, mulika kwa ubavu siyo kwa juu, fuata mstari wa mlango kuanzia chini. Ukiona mstari unapotea njiani, rangi imezidi.

Kingine ni metaliki. Zile chembe zinazometa hazipungui saizi kwa sababu gari limepungua. Kwenye kigari cha sentimita 7 silva ya metaliki inaonekana kama imemwagiwa mchanga. Kwenye vidogo chagua nyeupe, nyekundu au njano isiyo na chembe. Silva na bluu ya kumeta ziache kwa 1:18.

Mzee_wa_Musoma
Wanangu, mmezungumza macho na mwendo, niongeze uhai. Nilikuwa na gari la mbio la zamani, nililipata kwenye belo la mitumba, la nani sitaji. Nililiweka dirishani linalotazama ziwa kwa sababu lilinipendeza pale. Mwaka wa pili nikaona mstari mwembamba kama unywele juu ya tairi la nyuma. Nikadhani ni rangi. Baada ya miezi mstari ukawa mtandao, rangi ikavimba, siku moja nikalishika kulifuta vumbi mlango ukabaki mkononi. Ndani chuma kilikuwa cha kijivu, kinasagika kwa kucha.

Vigari hivi si chuma cha pua. Ni zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo, huyeyuka chini ya nyuzi 400, ikasukumwa kwa nguvu kwenye kalibu ya chuma. Kiwandani risasi kidogo ikiingia kwenye mchanganyiko huo, kigari kinazaliwa na ugonjwa. Unyevu unaufuata ndani, chuma kinavimba na kupasuka. Viwanda vya sasa vinasafisha zinki vizuri, tatizo hasa ni kwa magari ya zamani sana, lakini sisi tunaoishi pwani ya ziwa tusilichezee.

Jabali_Kirumba
Pole sana mzee. Ukishauona huo mstari, kuna dawa?

Mzee_wa_Musoma
Hakuna, mwanangu. Unalitenga na mengine uliangalie vizuri, na unaweza kuupunguzia huo ugonjwa kasi tu. Kinga ndiyo kazi: kabati lenye mlango wa kioo, mbali na dirisha na jua la saa tisa, na vile vipakiti vya punje vinavyokaa kwenye boksi za viatu, usivitupe. Na zile zenye tairi laini za mpira ziweke juu ya kijikaratasi. Tairi ikikaa miaka juu ya plastiki inaitafuna na kuacha alama.

Feri_ya_Kamanga
Jabali, nunua kubwa. Ila uamue kwanza unataka chuma au unataka umbo. Autoart, mtengenezaji mwingine wa vigari, kwa mfano, siku hizi bodi zao nyingi za 1:18 ni plastiki ngumu ya mchanganyiko yenye chuma kwa ndani. Wapo wanaolia kwamba imepoteza uzito mkononi. Mimi nimeishika moja kwa rafiki yangu, nikafungua mlango, nikakuta pengo kati ya mlango na bodi ni jembamba kuliko lolote nililowahi kuliona kwenye zinki, na kona zote ni kali. Uzito niliusahau palepale. Bburago na Maisto wa 1:18 bado ni zinki na bei yao ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Toto_la_Makoroboi
Mimi nimekua na gari la kopo la mafuta na tairi za malapa, tuliokota mabati kwa mafundi koroboi. Naomba kuuliza tu, anayeanza na moja achukue ipi?

MamaWawili_Nyegezi
Majorette, mdogo wangu. Ina springi, chasi yake haipwayi, taa za mbele za plastiki angavu. Utamwona R35 kila ukipita.

Jabali_Kirumba
Asanteni wote. Fundi, nimemulika kwa ubavu kama ulivyosema. Mstari wa mlango umepotea kwenye ndogo mbili, na zote mbili ni za metaliki. Mzee, zote tano zimehama kutoka dirishani, ziko kwenye kabati la vyombo kwa sasa, mama watoto amenipa rafu moja. Nimeipima: kina chake sentimita 22. GT-R ya 1:18 ni 26, itabidi ikae ubavu, na hapo taa nne za nyuma sitaziona. Kesho namwona seremala wa Pasiansi.