Bukavu: fundi cherehani asiye na shahada anaweza kufundisha Biblia?

Mkaaji wa Kadutu: Wapendwa, naomba ushauri, sina usingizi. Komite ya kanisa letu imenipa daftari la mzee mmoja, maelezo ya Injili ya Mathayo, niseme kama linafaa kufundishia vijana. Mzee ni fundi cherehani, aliishia la sita primeri. Mchungaji mwenye lisansi ya teolojia amekataa hata kulifungua. Je, shahada ndiyo kipimo?

Dada wa Nguba: Petro na Yohana walionekana watu wasio na elimu, Matendo 4:13. Leo sisi tunadai diploma!

Mwana Bagira: Na Paulo je? Alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa torati, Matendo 22:3. Mimi nimesoma teolojia miaka mitano, Kiebrania peke yake kilinikondesha. Msidharau.

Baba Mapacha: Spurgeon, yule mhubiri wa Uingereza, hakuwa na shahada ya teolojia, lakini mwaka 1856 alianzisha chuo cha wachungaji London. Mkaaji, huyo mzee ni nani kwako?

Mkaaji wa Kadutu: Ni mtu wa kanisa.

Baba Mapacha: Nimeuliza, kwako wewe ni nani.

Mkaaji wa Kadutu: Ni baba mkwe. Na mtu wa kuchapa nimekwisha kumpa dola 80. Lakini msinihukumu, nililisoma daftari mara tatu kabla ya kutoa hizo pesa.

Dada wa Nguba: Yesu wangu! Lirudishe kwa komite leo. Marehemu mume wangu alipitisha hesabu za kaka yake kanisani, mpaka leo ile familia hainisalimu.

Mwana Bagira: Tupe ukurasa mmoja tuone.

Mkaaji wa Kadutu: Mathayo 19:24, ni rahisi ngamia kupita tundu ya sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu. Yule mchungaji alihubiri kwamba tundu ya sindano ni mlango mdogo wa Yerusalemu, ngamia hupiga magoti akapita. Mzee ameandika kwamba mlango huo haujulikani, ni hadithi iliyozuka karne nyingi baada ya Yesu. Sindano ni sindano.

Mwana Bagira: Hapo mzee ana haki. Nasi tulifundishwa hivyo.

Kijana wa Panzi: Fundi cherehani, halafu mfano wenyewe ni sindano? Hii umeitunga.

Mkaaji wa Kadutu: Daftari liko mapajani pangu. Karatasi zimeshonwa kwa uzi mweusi wa suruali, na kwenye kona kuna chaki ya bluu ya vidole vyake. Siwezi kumtungia uongo baba wa mke wangu.

Mwana Bagira: Nakuamini. Mwenye shahada alikalishwa mbele ya watu wakamuuliza, "Hili umelitoa wapi?" Mzee hakupata wa kumuuliza. Ameandika habari ya mlango aliitoa wapi?

Mkaaji wa Kadutu: Nimerudia ukurasa. Hakuandika.

Baba Mapacha: Na kurasa nyingine?

Mkaaji wa Kadutu: Hakuna popote. Nimempigia mtu wa kuchapa, asubiri. Kesho asubuhi napanda kwa mzee kabla hajafungua mashini, nakwenda na kalamu.