Kutathmini msimbo (maandishi ya programu) wa tasnifu za uzamili: idara ndogo ianzie wapi?

MsimamiziTasnifu
Salaam wakuu. Mwaka 2011 Profesa Shriram Krishnamurthi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alisimamia kamati ya kutathmini programu na data zilizo nyuma ya makala za ESEC/FSE, kongamano la uhandisi wa programu. Mwandishi anadai programu yake inafanya kazi, kamati inaiendesha ione. Nataka utaratibu huo kwenye tasnifu zetu za kompyuta: wanafunzi kama 20 kwa mwaka, bajeti hakuna. Nani atathmini, na mwanafunzi awasilishe nini hasa?

Kiunzi
Mkuu, shika kwanza mambo mawili yaliyofanya wazo lile likubalike: tathmini huja baada ya makala kupita, na kuwasilisha ni hiari. Anayeshindwa hanyang'anywi makala yake, kwa hiyo watu hawaogopi kujaribu. Ukianza kwa kuifanya sharti la kuhitimu, utagombana na seneti kabla hujapokea kifurushi hata kimoja, yaani programu, data na maelezo ya mwanafunzi.

Watathmini wawe wanafunzi wa uzamili na uzamivu, maana ndio wanaoshinda na msimbo kutwa. Weka wawili kwa kila kifurushi, wiki tatu. Wiki ya kwanza ni ya kusakinisha tu na kuona kama programu inawaka. Ikigoma, mwandishi anaambiwa arekebishe. Ukiruka hatua hiyo, kazi nzuri itaanguka kwa faili moja lililosahaulika. Wiki mbili zinazobaki wapime: inalingana na tasnifu? Imekamilika? Ina maelezo ya kutosha? Mtu mwingine anaweza kuitumia?

bando_kidogo
Usidharau hiyo wiki ya kwanza. Collberg na Proebsting wa Chuo Kikuu cha Arizona walichukua makala 402 zenye msimbo, na ni karibu theluthi moja tu ambazo msimbo wake ulijengeka, yaani uligeuzwa kuwa programu inayoweza kuendeshwa, ndani ya dakika 30. Hapo ni kujenga programu tu, matokeo hawakuyagusa.

Sababu zenyewe ni za kila siku. Njia ya faili imeandikwa /home/jina-la-mtu ndani ya msimbo. Matoleo ya maktaba za programu hayakuandikwa. Dockerfile (faili la maelekezo ya Docker, zana inayofungasha programu na mahitaji yake yote ndani ya kontena) inaanza na toleo la msingi liitwalo "latest", ambalo mwakani litakuwa kitu kingine. Mwanafunzi alitaje toleo hilo kwa alama yake ya sha256, isiyobadilika. Kontena iliyojengwa kwenye Mac yenye prosesa ya ARM, ukiiwasha kwenye kompyuta ya Intel, inaweza kukujibu "exec format error". Ijengwe kwa --platform linux/amd64.

Na msiwape watathmini kazi ya kupakua GB 6 kwa bando lao. Tumieni docker save, mbane kwa gzip, mbebe kwenye flashi. Mwenzako ataifungua kwa docker load bila intaneti.

MsimamiziTasnifu
Asanteni sana. Je, namba zikitofautiana kidogo na za kwenye tasnifu? Na tasnifu zinazotumia data za wagonjwa?

Kiunzi
Namba: mwandishi aweke mbegu ya namba nasibu kwenye msimbo (namba ya kuanzia inayofanya bahati nasibu ijirudie vilevile), lakini hiyo peke yake haitoshi. Kadi ya michoro (GPU) hujumlisha desimali kwa mpangilio unaobadilika, na kila jumla hufupishwa kwenye tarakimu chache, hivyo tarakimu za mwisho hucheza. Basi README, faili la maelezo ya kifurushi, itaje jedwali lipi linatokana na amri ipi, inachukua dakika ngapi, na tofauti gani inakubalika. Kama jaribio zima linakula siku nne, pawe na toleo dogo la nusu saa.

Data za wagonjwa zisitoke kabisa, mkuu. Kwa Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kufuta majina hakutoshi. Umri, kata na tarehe ya kulazwa vikikutana vinaweza kumtaja mtu. Mwanafunzi atoe data za kutunga zenye safu zilezile. Mtathmini atathibitisha kwamba programu inafanya kazi, na aandike wazi kwamba matokeo halisi hayakurudiwa.

bando_kidogo
Nyongeza: kiungo cha GitHub, tovuti ya kuweka msimbo, si hifadhi ya kudumu, mwenyewe anaweza kukifuta wakati wowote. Toleo lililotathminiwa liwekwe Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Ni bure, hupokea hadi GB 50 kwa wasilisho na hutoa DOI, namba ya kudumu ya kuitambua kazi. Hiyo DOI iandikwe ndani ya tasnifu kabla haijajalidiwa.