"Mlokole" si jina la kumpachika kila mwenye dini kali

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila matusi. Siku hizi mtu akikataa bia harusini, mlokole. Akisali kwa sauti, mlokole. Na mwaka 2023, msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, ulipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, nikasikia watu wakisema: "Mmeona ulokole ulikotufikisha!" Hapo ndipo nilipochoka.

Neno limetoka Uganda. Abalokole kwa Kiganda ni waliookoka, na lilienea na uamsho wa miaka ya 1930, ndani ya Kanisa la Anglikana, kutoka Gahini nchini Rwanda na Uganda hadi Kenya na Bukoba. Watu wale walisimama hadharani wakataja dhambi zao moja moja, wakarudisha walichoiba. Wakati wa Mau Mau, Wakikuyu waliookoka walikataa kula kiapo, na wapo waliokataa pia kushika bunduki za serikali. Wengine waliuawa kwa msimamo huo. Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa Februari 1977 siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga maovu ya askari wake, alikuwa mlokole tangu 1948.

Ari hiyo na njaa ya Shakahola tunaziita jina moja kwa haki gani?

Mchangiaji, Mwanza:
Lugha haina mlinzi, kaka. Huku kwetu mlokole ni mpentekoste, basi, na wenyewe wanajiita hivyo bila kinyongo. Hiyo Gahini wangapi wanaijua?

Mchangiaji, Bukoba:
Bibi yangu alikuwa mmoja wao, nampenda, lakini usiwavike kilemba cha ukoka. Walikuwa wakali. Asiyeshuhudia kuokoka, hata awe mchungaji, walimhesabu yuko gizani. Mwaka 1941 mlokole William Nagenda na wenzake walifukuzwa chuo cha theolojia Mukono, Uganda, baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri. Ukali wa kuhukumu wengine nao umo ndani ya neno hilo.

Mwanzisha mada:
Wa Bukoba, umesema kweli, umo. Lakini ukali huo uliwagharimu wao wenyewe: waliofukuzwa Mukono ni wao. Shakahola, miongoni mwa waliolipa ni watoto.

Wa Mwanza, neno kubadilika sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba tukisema "ulokole" mbele ya makaburi yale, anayeonewa ni jirani yako aliyeokoka na kuacha pombe, na anayepona ni Paul Mackenzie, mhubiri wa Shakahola aliyewaambia wafunge, pamoja na vyombo vya dola vilivyokuwa vimemkamata zaidi ya mara moja miaka ya nyuma, naye akarudi kwa wafuasi wake. Mashtaka yaliyofikishwa mahakamani hayataji ulokole. Yanataja ugaidi, kuua na ukatili kwa watoto. Nasi tuseme hivyo hivyo.