Re: Re: Santuri za mzee zimefika Minneapolis ila zinakimbia

> Wadau habari zenu. Nimeleta santuri za marehemu baba pamoja na pleya yake kutoka Morogoro. Nimenunua transfoma ya kupandisha umeme, inawaka fresh, ila nyimbo zinakimbia, Mbaraka Mwinshehe anaimba sauti ya kitoto. Fundi wa huku anasema nitupe ninunue mpya. Nifanyeje?

Kaka pole sana na msiba, na hongera kwa kuzibeba hizo sahani, manake zilizoachwa stoo huko nyumbani zikajikunja kwa joto ni nyingi mno.

Pleya yako ni nzima, usitupe. Transfoma imekutatulia volti tu. Umeme wa nyumbani ni volti 230 hezi 50 (hezi ni mara ngapi umeme unageuka kwenda na kurudi kwa sekunde), wa Marekani na Kanada ni volti 120 hezi 60, na transfoma hata uinunue ya bei gani hezi haizigusi kabisa. Sasa mota za pleya nyingi za zamani mwendo wake unafuata hezi, ukiipa 60 mahali pa 50 inaongeza mwendo kwa asilimia 20, ndo maana sahani ya 45 hapo kwako inazunguka mara 54 kwa dakika, wimbo wa dakika nne unakwisha kwa dakika tatu na sekunde 20, na sauti inapanda juu. Walioko Uingereza na Oman hawalijui hili tatizo kwa sababu hezi zao ni 50 kama kwetu. Ila wa Saudia mkae chonjo, volti za huko ni kama za nyumbani lakini hezi ni 60, utachomeka bila transfoma yoyote na wimbo utakimbia vilevile.

Dawa yake ni puli. Chomoa kwenye umeme, fungua, utaona kapuli kadogo kwenye shafti ya mota, pale mkanda au lile gurudumu la mpira linapogusa. Puli ya hezi 60 ni nyembamba kidogo kuliko ya 50, ndo inarudisha mwendo. Garrard, Dual na Thorens walikuwa wanatoa puli za aina zote mbili na mpaka leo zinapatikana mtandaoni, tafuta kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya pleya. Ikikosekana nunua pleya iliyotumika hapo hapo Marekani, na ile ya mzee itunze. Zile za daireti draivu, ambazo mota inazungusha sahani yenyewe bila mkanda, mwendo wake hautegemei hezi, hizo utahangaika na volti tu.

Halafu sindano badilisha kabla hujapiga sahani hata moja. Sindano ya almasi inakwenda kama saa 500 mpaka 1,000, na hiyo ya mzee imepiga miaka mingapi hakuna anayejua. Sindano iliyochakaa inakwangua mifereji ya sahani na kilichokwanguliwa hakirudi.

Sasa nisikilize kwenye hili maana ndo lililonifanya niandike. Usizitundike ukutani, zipige! Sahani nyingi za bendi zetu za miaka ya 70 zilichapwa Nairobi, zile ndogo za 45, na wimbo mmoja ulikuwa unakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Upande wa kwanza unapata hadithi yote, kaacha mke, kadanganywa, karudi kijijini, mashairi yanatembea taratibu, halafu unainuka unageuza sahani na huku ndo chemko linaanza, gitaa la solo linaingia, saksafoni zinajibizana, hakuna kukaa tena. Mtandaoni mara nyingi nakuta kipande kimoja tu kimewekwa, au viwili vimeungwa vibaya. Chukua sahani zako uziinamishe kwenye taa uangalie mifereji, kwenye za kwangu upande wa pili karibu zote umefifia ukawa wa kijivu na wa kwanza bado unang'aa, yaani wenyewe walikuwa wanarudia kipande cha kucheza. Na kwenye lebo kuna jina la mwenye sahani kwa kalamu ya bluu, maana ilikuwa inaazimwa kwenye sherehe na ilibidi irudi. Ukiona jina la mzee wako pale usilifute.

Za kuosha ni maji yaliyochemshwa yakavunwa mvuke (yale ya galoni ya dukani) na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kufuata mifereji, lebo isilowe. Zisimamishe wima, mbali na hita. Winter hewa ya ndani inakauka sana, sahani inashika umeme tuli inavuta vumbi na inapasuka pasuka masikioni, kimashine cha kuongeza unyevu hewani kinasaidia.

Toronto

---

Wanangu, naongeza kwa zile nzito za 78, kama mzee alikuwa nazo. Hizo si plastiki, ni za shelaki, utomvu wa wadudu, ikidondoka imevunjika. Spiriti usiiguse hata tone, inayeyusha sahani. Na sindano yake ni nene zaidi, ukiweka hii ya kawaida inazama chini ya mfereji unasikia mchakacho mtupu, tena pleya nyingi za siku hizi mwendo wa 78 hazina, uliza kabla ya kununua. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za namna hii za kampuni ya His Master's Voice, na ni kwa hizo ndo sauti yake tunayo. Nikizipiga hapa London wajukuu wanaacha simu wanakuja kuuliza anasema nini, nawafasiria mstari kwa mstari.

---

Shikamoo mama, ahsante kaka. Modeli nimeiona, ni Garrard, puli ya hezi 60 nimeshaagiza na sindano pia. Za 78 zipo sita, nimezitenga. Kuna moja imepata ufa mwembamba ukingoni, haujafika kwenye mifereji, je, naweza kuipiga au itaendelea kupasuka?