Baiskeli siku sita: Tukuyu–Matema, Kitulo–Chimala au Njombe–Manda?

Mdau_Uyole
Wakuu, habari za humu. Tuko watatu, tunataka kuzunguka nyanda za juu kwa baiskeli, mizigo tunabeba wenyewe. Tunataka vilima vya kijani na kuona mito inavyoingia Ziwa Nyasa. Njia tulizonazo ni hizi:
1. Mbeya–Tukuyu–Ipinda–Matema
2. Mbeya–Isyonje–Kitulo–Matamba–Chimala
3. Makambako–Njombe–Ludewa–Manda
Wiki hii tunanunua tairi na vipuri, kwa hiyo uamuzi unahitajika haraka. Ipi bora?

FundiSoweto
Mkuu, hapo hatuwezi kukushauri. Hujasema mwezi, hujasema aina ya breki, meno ya mbele na ya nyuma, uzito wa mzigo, wala kama kurudi ni kwa basi au kwa pedeli. Njia ya Matema mwezi wa nane na mwezi wa nne ni safari mbili tofauti kabisa.

Mama_Ipinda
Matema, wanangu. Mkishavuka mgongo wa Isongole, zaidi ya mita 2,000, karibu kila kitu ni kushuka: viazi, halafu chai na migomba ya Tukuyu, halafu kakao na mpunga wa Kyela. Ziwa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto linaongezeka karibu nyuzi kumi toka Isongole. Vaeni nguo za kuvuliwa moja moja. Mito minne inaingia ziwani upande huu: Songwe mpakani, kisha Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Kutoka Kikusya kwenda Ipinda hadi Matema ni lami. Chakula kipo kila kituo, na chandarua ni lazima.

Mkinga_Matamba
Mama, shikamoo. Lakini anayetaka vilima na akaikwepa Kitulo hajatutendea haki. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inalindwa kwa ajili ya maua. Kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda wote unachanua. Ukitoka Isyonje unapandisha Kikondo, ukishafika juu ni nyasi na vilima vya mviringo hadi macho yachoke. Magari machache mno. Beba chakula cha siku nzima na maji, maduka ni ya kuhesabu.

Spoku36
Maua ndiyo, mito inapoingia ziwani je? Hiyo njia namba mbili inaishia Chimala, barabara kuu ya Tunduma. Jamaa ametaka ziwa.

Mdau_Uyole
Samahani kwa kuchelewa. Ni mwezi wa nne, wiki ya pili. Baiskeli ni za mitumba, magurudumu ya inchi 26, breki za kubana rimu. Mbele meno 42-34-24, nyuma 14 hadi 28. Mzigo kama kilo 18 kila mmoja. Kurudi ni kwa basi.

FundiSoweto
Sasa tunaongea. Mambo matatu.

Gia. Meno 24 mbele na 28 nyuma, kwa gurudumu la inchi 26, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza karibu mita 1.8. Wewe, baiskeli na mzigo mkifika kilo 100, kwenye mlima wa asilimia kumi mguu wa kawaida unakupa kilomita tano na kitu kwa saa, yaani mizunguko kama hamsini kwa dakika. Unaweza kuvumilia nusu saa, si asubuhi nzima, magoti yatalalamika. Tafuta friwili (rundo la gia za nyuma) ya meno 14 hadi 34, hapo unashuka hadi mita 1.5. Kabla ya kulipa hakikisha mkono wa nyuma wa kubadilishia gia unafika meno 34, na uongeze pingili za cheni. Cheni fupi ukiingiza gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma inang'oa mkono mzima.

Breki. Mkinga asichukie, lakini Matamba kushuka Chimala ni zile kona 57, Hamsini na Saba yenyewe, na ndipo breki za rimu zinapoumbuka. Kuna baiskeli iliteremka pale na mzigo mzito nyuma. Aliyekuwa juu yake alishika breki mfululizo, hasa ya nyuma, akiogopa kupinduka. Rimu ikapata moto. Tyubu ya nyuma ilikuwa na kiraka cha zamani karibu na rimu. Solusheni ikalainika, kiraka kikahama, upepo ukatoka wote katikati ya kona. Tairi likavuka ukingo wa rimu na kuingia kati ya fremu na gurudumu, likajifunga. Mzigo ukasukuma baiskeli ubavu. Hakuvunjika mtu, ila rimu ilipinda na spoku nne za upande wa friwili zilikatika, na hizo huwezi kuzibadilisha bila kufungua friwili kwa kifaa chake, ambacho hawakubeba. Wakaisukuma hadi chini.
Kwa hiyo: tyubu mpya isiyo na kiraka kwenye magurudumu yote mawili kabla ya mteremko wowote mrefu. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, bana tena, ukibadilishana mbele na nyuma. Simama kila kona kadhaa uguse rimu kwa kidole haraka, ikiunguza, subiri. Mzigo mzito uwe chini, pembeni mwa gurudumu, usiwe juu ya keria.

La tatu ni mwezi wenyewe. Aprili na breki za rimu hazipendani. Maji yakiwa kwenye rimu, mizunguko ya kwanza ya gurudumu inaisha kwa kuifuta tu ndipo breki ishike. Tope lenye mchanga linakula mipira ya breki na rimu yenyewe. Beba seti mbili za mipira kwa kila baiskeli.

Mkinga_Matamba
Sichukii, hoja ya breki ni kweli. Basi wapande badala ya kushuka: waanzie Chimala, wasukume kona zote 57, watokee Isyonje na kuteremka Tukuyu kwa lami. Watapata maua na ziwa kwa safari moja.

Spoku36
Kwa Aprili? Udongo wa Kitulo ni wa majivu ya volkano, ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu haligeuki. Kama nafasi pale kwenye uma haifiki sentimita moja kila upande, utatumia siku nzima kuchokoa tope kwa kijiti. Na ukungu wa kule juu, dereva wa lori hakuoni.

Parachichi_Njombe
Kamwene wote. Mmeisahau namba tatu. Kutoka Itoni hadi Manda kupitia Ludewa ni kilomita 211, na kipande cha Lusitu–Mawengi kimejengwa kwa zege, kilomita 50. Zege halitelezi kama udongo, mvua au jua. Unapita misonobari, miwati, mashamba ya parachichi, kisha unashuka hadi Ruhuhu unapoingia ziwani pale Manda. Ruhuhu ni mto mkubwa, si wa kulinganisha na hivyo vya Kyela. Na siku hizi kuna daraja, unavuka kwenda Lituhi upande wa Ruvuma, ukipenda unaendelea Mbamba Bay, halafu lami ya kilomita 66 hadi Mbinga.

Mama_Ipinda
Mwanangu, Mbaka ikijaa mwezi wa nne hutaiita kijito. Ndiyo ninachotaka kusema hata kwa hawa vijana: Machi hadi Mei Kyela inafurika. Lami itapitika siku nyingi, ila zile njia za kwenda milangoni mwa mito zinazama kwenye mpunga. Msiingie na baiskeli penye maji ya rangi ya udongo, hamjui shimo liko wapi. Na msioge pale mito inapoingia, mamba wapo. Ogeni ufuo wa Matema mwenyeji akiwaonyesha.

Spoku36
Kuhusu tairi, chukueni upana wa inchi 1.95 yenye meno ya wastani. Pungufu ya hapo mtazama, zaidi ya hapo mtaburuza uzito kwenye lami.

Parachichi_Njombe
Kwa zege na lami 1.75 laini inatosha. Ludewa kwenda Manda ndiyo vumbi, tena ikinyesha ni makorongo.

FundiSoweto
Upana si tatizo kubwa, upepo ndio tatizo. Watu wanajaza hadi tairi linakuwa jiwe, kwenye kokoto linaruka na spoku zinakatika. Nyuma jaza zaidi kidogo ya mbele, kwa sababu ndiko uzito uliko. Na chukueni inchi 26 ya kawaida, hiyo utaipata Tukuyu, Kyela na Njombe.

Mdau_Uyole
Asanteni sana, ndaga fijo Mama. Mwenzangu mmoja ameshaipenda Manda kwa sababu ya zege. Mimi naegemea Matema. Wa tatu anauliza kama tusogeze mpaka Juni.

Mkinga_Matamba
Juni maua yameisha na Kitulo asubuhi ni jalidi. Lakini njia zinakuwa kavu, hilo siwezi kubisha.

Mama_Ipinda
Juni Matema ni nzuri mno. Ila Tukuyu msiiamini hata Juni, kule hata kiangazi hunyesha. Makoti ya mvua yasibaki nyumbani.

Spoku36
Mnarudi kwa basi, kwa hiyo ng'oeni pedeli kabla ya kupakia na mkumbuke ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa kulia. Geuzeni usukani ulale sambamba na fremu. Baiskeli ilale ndani ya buti upande wa gia ukiwa juu, mizigo mingine isiubane. Na keria zenu ni za chuma au alumini?

Mdau_Uyole
Alumini.

FundiSoweto
Badilisha, weka chuma. Ya chuma ikikatika, fundi wa kuchomelea wa Ipinda au Ludewa anaiunga kwa muda mfupi. Ya alumini hataigusa. Boliti zake zikazwe kila jioni, na beba nne za akiba.

Parachichi_Njombe
Napinga. Chuma kinaongeza karibu nusu kilo, na alumini nzuri yenye miguu mitatu kila upande haikatiki kwa kilo 18. Mdau, yako ina miguu mingapi?