Miaka yote ya digrii ya kompyuta sayansi na hakuna aliyemfundisha mtoto wa watu kusoma kodi (maandishi ya programu, sio ya TRA) ya mwenzake??

Wakuu nimevumilia nimeshindwa, leo naongea.

Kazini mimi ndio napokea vijana wapya wanaotoka chuo, na kila wakija wapya napata hasira upya, na hasira yenyewe sio kwa kijana, ni kwa waliomsainia cheti. Kijana ana GPA nzuri, ukimuuliza habari za algorithimu (hatua za kutatua tatizo) anakuchorea mpaka unaridhika. Halafu unamfungulia mfumo halisi, mafaili maelfu, nusu ya walioyaandika walishaacha kazi, unamwambia kuna bagi (kosa la programu) humu, mteja akibadilisha namba ya simu risiti bado zinaenda kwenye namba ya zamani, itafute. Anaganda. Anafungua faili la kwanza anaanza kusoma mstari wa kwanza kwenda chini kama anasoma gazeti. Hajui kutafuta neno kwenye mradi mzima, hajui kuisimamisha programu katikati aone vigeu (majina yanayobeba thamani) vimebeba nini, logi (kumbukumbu za mfumo) hajawahi kuzisoma, ujumbe wa kosa ukiwa mrefu anaufunga. Kesho yake anakuja na pendekezo kwamba mfumo wote uandikwe upya. Na mimi siwezi kumlaumu kwa sababu maisha yake yote ya chuo hajawahi kukutana na kodi ambayo hakuianza yeye mwenyewe kwenye faili tupu!

Angalieni asaimenti ya chuo inavyoishi. Unapewa swali, unaandika peke yako (au mnaitwa kundi halafu anaandika mmoja, tunajuana), inakimbia mara moja kwenye leptopu mbele ya lekchara, unapewa maksi, basi imekufa. Hakuna atakayeifungua tena. Hakuna wa kukuamsha usiku kwamba imeanguka na watu wanashindwa kulipa, hakuna mteja wa kubadilisha mawazo miezi sita mbele, hakuna mwenzako wa kukuuliza hili sharti la if uliliweka la nini. Kazini ni kinyume chake kabisa yaani, kuanza kitu kutoka sifuri ni bahati, muda mwingi unasoma, unaongeza mistari mitatu, unahangaika kuhakikisha hiyo mitatu haijavunja kitu upande mwingine, unaandika testi (programu ya kuhakiki kodi), mwenzako anaipitia anaikataa, unarudi unarekebisha, ndio inapanda seva (kompyuta inayohudumia wateja). Kazi ndio hiyo. Na chuo hakiigusi.

Na msiniambie hayo ni mambo madogo mtu atajifunza mbele kwa mbele. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka sekunde kama 40 baada ya kuruka, tena ndio safari yake ya kwanza. Chanzo ni kipande cha programu kilichobebwa kutoka Ariane 4, kilikuwa kinaichukua namba ya biti 64 na kuiingiza kwenye nafasi ndogo ya biti 16, kule kwenye roketi ya zamani namba ilikuwa haifiki ukubwa huo, kwenye hii mpya ikapitiliza. Kule ilikotoka ile kodi ilikuwa inafanya kazi vizuri tu!! Njoo Marekani Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital, walipandisha programu mpya kwenye seva 7 kati ya 8, ya nane ikasahaulika, na ndani ya hiyo kulikuwa na kodi ya miaka mingi ambayo ilishaachwa kutumika ila hakuna aliyeifuta, ikaamka ikaanza kununua na kuuza hovyo, dakika 45 tu zaidi ya dola milioni 400 zikayeyuka. Sasa niambieni, hapo alikosekana mtu wa kuandika bubble sort (zoezi la darasani la kupanga namba)? Alikosekana mtu wa kusimama na kuuliza hii kodi ya zamani iko hapa kwa nini, na aliyeiandika alikuwa anategemea nini.

Najua watakuja wale wa "digrii ni karatasi tu, angalia video miezi mitatu upate kazi". Mimi sio mwenzenu, msinishike mkono. Nadharia ni mali. Mtu anayejua indeksi ya databesi (orodha ya kutafutia haraka kwenye ghala la data) imejengwaje ndani anajua kwa nini swali lile lile la kuomba data linachukua kufumba na kufumbua au linachukua dakika nzima, na asiyejua ataongeza seva mpaka bajeti iishe. Ninachokasirikia ni kwamba hiyo nadharia imefungiwa kwenye karatasi ya mtihani. Kijana huyo huyo aliyepata A kwenye hesabu za kasi ya algorithimu ndio huyo anaandika loop (amri inayojirudia) ambayo kila ikizunguka inaenda databesi kuchukua mstari mmoja mmoja. Kwa nini? Kwa sababu jedwali la chuo lilikuwa na mistari kumi! Kwenye mistari kumi kila kitu kina kasi. Lekchara angeandika skripti fupi ya kujaza mistari milioni moja halafu akamwambia sasa kimbiza hiyo kazi yako, hilo somo lingemuingia mpaka kwenye mifupa. Hakufanya.

Na hili la usalama ndio linanitoa machozi. Hila ya kupenyeza amri za SQL (lugha ya kuongea na databesi) kupitia fomu imeandikwa hadharani tangu 1998, na mpaka leo naona noti za darasani ambazo alichoandika mtumiaji kinaunganishwa moja kwa moja na swali la databesi kwa alama ya kujumlisha. Mwanafunzi ananakili, anapewa maksi zote, anakuja nayo kazini. Hapo hamjamuacha bila kumfundisha, hapo mmemfundisha kosa!

Utetezi wao naujua, "sisi ni chuo kikuu, hatuwezi kukimbizana na freimuweki (vifurushi vya kujengea programu) zinazobadilika kila mwaka". Nani kawaomba freimuweki? Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, imetengenezwa na Linus Torvalds 2005, sio kitu cha jana, na bado napokea mhitimu mwenye folda inaitwa projekti_mwisho_mwisho2. Kusoma kodi ya mtu, kuandika testi, kueleza kwa maandishi kwa nini umebadilisha kitu, hivyo havijawahi kupitwa na wakati. Hata MIT, chuo kikubwa cha Marekani, waliona hilo pengo, Januari 2020 kukafundishwa kozi fupi ya terminali (dirisha la kuandika amri), Git, kutafuta bagi na vitu vya namna hiyo, na masomo yake yote yako wazi bure mtandaoni. Chuo cha Waterloo cha Kanada tangu kinaanzishwa 1957 kinapokezanisha muhula wa darasani na muhula wa kazini, na hakuna anayesema wale hawajui nadharia.

Na wala hakuhitajiki hela mpya. Projekti ya mwaka wa mwisho msimpe mtu faili tupu, mpeni projekti ya waliomaliza mwaka jana, na bagi zake zote, na maelezo yake mabovu, mwambieni ongeza kitu kimoja, rekebisha viwili, na mwakani darasa lingine litapokea kutoka kwako na litatoa maoni juu ya kazi yako. Mtoto akijua kuna mtu anakuja kuisoma ataanza kuandika kwa adabu bila kuhubiriwa. Na sasa hivi ambapo mashine za AI zinamwaga kodi kurasa kwa kurasa kwa amri ya sentensi moja, anayejua kuandika tu bila kujua kusoma na kukagua atafanya nini?

Waajiri nao sijawasahau, mnaomsumbua mtu kwenye intavyuu ageuze mti wa binari (fumbo la nadharia) ubaoni halafu siku ya kwanza mnamkabidhi mfumo wa miaka kumi bila hata ukurasa mmoja wa maelezo, na ndani ya mwezi mnalalamika hawezi kazi. Ila hao nitawafungulia uzi wao.

Lekchara yeyote anayesoma hapa anijibu hili tu, bila kunitajia mtaala wala idara: mwanafunzi wako, kwenye somo lako wewe, ni lini ulimpa kodi isiyo yake ukamwambia isome, iharibu, itengeneze? Na kama hujawahi, muhula ujao nini kinakuzuia?