Mrejesho: fleti ya Manchester iliyokataliwa mkopo kwa sababu mkataba umebaki miaka 71

Wadau, habari zenu. Mwezi wa tatu niliuliza kuhusu fleti ambayo benki iligoma kuikopesha: mkataba wa kuimiliki ni wa miaka 99 tu tangu 1997 (ardhi ni ya mtu mwingine), imebaki 71, na kodi ya ardhi, yaani ile anayolipwa mwenye ardhi, inajirudufu kila miaka 10. Funguo ninazo mkononi leo.

Mliosema muuzaji ndiye aanze kurefusha mkataba, Mungu awabariki. Alimpelekea mwenye ardhi notisi, ikaongezwa miaka 90, na kodi ya ardhi ikafutwa kabisa. Wakili aliponionyesha ukurasa wenye 161 nilishindwa hata kuongea.

Kuna waliosema ninunue kwanza, kwa kuwa tangu 31 Januari 2025 Uingereza haitaki tena uwe umemiliki miaka miwili ndipo uombe kurefusha mkataba. Ni kweli, ila kwangu haikusaidia. Benki inaangalia miaka iliyopo siku inapotoa pesa.

Si yote yalikwenda sawa. Mkataba ukishuka chini ya miaka 80, gharama ya kurefusha inapanda sana. Niliomba muuzaji aibebe yote, akakubali nusu tu. Na tukiwa tunasubiri, ofa yangu ya riba ya mkopo ikaisha muda. Mpya iko juu zaidi, inauma kila mwezi.

Kwa atakayepita hapa baadaye: uliza miaka iliyobaki kabla hujamlipa mthamini. Mimi nililipa kwanza, na hela ile haikurudi.

Asanteni sana, ndugu zangu.